Tairi la Nyuma Kushoto

Siku mkunga mmoja alipokutana na muuza matairi, hakuwa amekusudia kabisa kuingia dukani kwake. Alikuwa anakwenda duka jingine, mtaa wa pili, kwa rafiki wa baba yake wa miaka mingi. Lakini mvua ya alfajiri ilikuwa imelainisha barabara, taa za makutano zikageuka nyekundu mbele yake, akakanyaga breki, na gari likaendelea na safari zake kama halikuambiwa kitu.

Lilikuwa gari kubwa la familia, la viti vinane, refu na zito. Liliserereka taratibu, kama mtu mzima anayeteleza huku akijitahidi aonekane hakuteleza, likapanda ukingo wa barabara na kuugonga mnara wa matairi uliopangwa mbele ya duka. Mnara ukaporomoka. Matairi yakatawanyika. Moja likashika barabara peke yake, likampita muuza miavuli, likapita kituo cha pikipiki, likakata kona na kutokomea.

Mkunga alibaki ameshika usukani. Alikuwa ndani ya sare nyeupe iliyonyooshwa ikanyooka, mkanda wa buluu kiunoni, saa ndogo imebanwa kifuani, na viatu vyeupe visivyo na doa. Watu wote walimwita Sista, kazini na nyumbani. Kwa miaka kumi ya kazi, yeye ndiye aliyekuwa mtulivu chumbani wakati kila mtu mwingine anapiga kelele. Sasa alishindwa hata kukumbuka jinsi ya kuzima gari.

Mwanamume alitoka dukani akiwa na kikombe cha chai mkononi. Ovaroli yake ilikuwa imefuliwa mpaka rangi ikasalimu amri, mikono imekunjwa hadi viwikoni, kalamu nyuma ya sikio. Akayatazama matairi, akalitazama gari, akamtazama dereva. Kisha akagonga kioo kwa kidole kimoja.

"Karibu," alisema. "Wateja wengine huwa wanaingia kwa mlango."

"Samahani sana, kaka. Nimekanyaga breki haikushika."

"Breki imeshika, nimeona magurudumu yakisimama." Akainama, akapitisha kiganja juu ya tairi la mbele. "Kilichokataa kushika ni hiki hapa. Sista, hili si tairi tena, ni kipara."

"Baba alisema bado yanafaa."

"Baba ana nywele?"

Sista alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. "Hana."

"Basi nimemwelewa mzee. Ameyaonea huruma kama ndugu."

Mwanamume yule alishuka na barabara kulifuata tairi lililotoroka, bila haraka, akarudi analivingirisha kwa mkono mmoja na kile kikombe cha chai bado kwenye mkono wa pili. Mtaa mzima ulimwita Upepo. Alianza kazi kwa kujaza upepo kwenye baiskeli, lakini jina lilimganda kwa utani, maana hapakuwa na mtu mtaratibu kumshinda pale mtaani.

Duka lake lilinuka mpira mpya. Matairi yalipanda ukutani hadi darini, kompresa ilikohoa kwenye kona, na nyuma ya kidirisha cha kioo alikaa shangazi yake, mama mnene mwenye miwani ya kamba, aliyeandika risiti na kuona kila kitu. Sista alikuwa hajakaa vizuri kwenye benchi simu ikaita. Alikuwa baba yake, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye alistaafu shule lakini sauti ya kuongoza paredi hakuistaafisha.

"Umefika kwa rafiki yangu?"

"Nimefika... karibu na hapo, baba."

"Sikiliza. Tairi la kwanza watakalokuonyesha, likatae. Hata likiwa zuri. Wafanyabiashara wote huanza na lile wanalotaka kuliondoa."

Simu ilisikika hadi kwenye kidirisha cha shangazi. Upepo aliweka kikombe chini. Akateremsha tairi moja kutoka ukutani, akalisimamisha mbele ya Sista.

"Hapana," alisema Sista.

"Lina kasoro gani?"

"Sijui. Nimeagizwa."

"Sawa." Upepo akalirudisha ukutani, akapiga vumbi mikono, akaliteremsha lilelile. "Je, hili la pili?"

Shangazi alikohoa nyuma ya kioo kwa namna isiyokuwa ya kikohozi.

Baada ya hapo waliongea kwa dhati. Upepo aliuliza gari linabeba watu wangapi, na Sista akamweleza kuwa wako wanane, ukimhesabu mama na mizigo yake ni tisa, na kwamba miezi miwili ijayo ukoo mzima unasafiri saa tisa barabarani kwenda kumwona bibi yake, anayetimiza miaka tisini. Upepo akamwekea matairi mawili kando kwa kando.

"Saizi ni moja. Haya ya kushoto ni rahisi, na nikikufungia leo utaondoka unafurahi. Ila yametengenezwa kwa gari jepesi. Siku mkijaa wote, jua la saa nane, ubavu wa tairi unachoka, unapasuka. Mimi siyafungi kwenye gari la familia. Ukiyataka sana, duka la jirani watakufungia."

Sista alimtazama. Alizoea kuwaambia watu ukweli wasioutaka, lakini ni nadra yeye mwenyewe kuambiwa. "Nifungie ya kulia."

"Kwanza soma hapa." Alimwonyesha nambari nne ubavuni. "Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ndiyo tarehe yake ya kuzaliwa."

"Kwa hiyo hili limezaliwa wiki ya kumi na nne."

"Ya mwaka huu huu."

"Kwetu wiki ya kumi na nne hata jina hatujaanza kufikiria."

Upepo alicheka, cheko la polepole lililoanzia machoni na kuchukua muda kufika mdomoni. Sista akajikuta anaisubiri ile safari ya kicheko chake, na kichwani mwake mkawa kimya kabisa.

Alipomaliza kufunga magurudumu yote manne, Upepo alifuta mikono kwa kitambaa na kusema, bila kumtazama, "Ukishatembea kama kilomita mia, rudi nikaze nati. Zikifungwa upya hulegea kidogo."

Hilo lilikuwa kweli. Sista alirudi Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, Upepo akakaza nati. Kisha akasimama na spana yake mkononi, akafikiri, akasema labda na Jumamosi ijayo ingekuwa vizuri, kwa usalama. Jumamosi ijayo akazikaza tena. Na ile ya tatu. Na ya nne akazikaza kwa uangalifu mkubwa, moja moja, akizunguka gari mara mbili, huku Sista akimsimulia juu ya mwanamume mmoja aliyezimia kwenye chumba cha kujifungulia hata kabla mkewe hajaanza uchungu.

Katikati ya wiki kulikuwa na simu.

"Sista, habari za mchana. Nilikuwa naulizia hali ya matairi."

"Matairi hayajambo."

"Yanakula vizuri barabara?"

"Yanakula."

"Na mwenye matairi?"

"Mwenye matairi ni baba yangu. Nimpe simu uongee naye?"

"Hapana, hapana. Mwache mzee apumzike. Nilimaanisha dereva."

"Dereva ana zamu mpaka jioni, miguu inamwaka moto."

"Miguu ya mbele au ya nyuma?"

"Upepo, wewe una kazi kweli?"

"Ninayo. Kuna mtu hapa ananisubiri na tairi begani. Lakini nimemwambia naongea na mteja mkubwa."

Kila alipokata simu, Sista alibaki anatabasamu ukutani kama mtu aliyepotewa na akili, hadi wenzake wakaanza kumuuliza kama amepandishwa cheo.

Tatizo likaja Jumamosi ya tano. Upepo alishika spana, akaijaribu nati ya kwanza, akajaribu ya pili, akanyanyuka, na uaminifu wake ukamshinda. "Sista, hizi sasa hazikazwi tena. Nikiendelea nitazikata." Akajikuna nyuma ya shingo. "Wewe njoo tu upepo ukipungua."

Alitaka kusema jambo jingine. Badala yake akairudisha spana kwenye sanduku. Sista naye alikuwa na lake. Mwanamke wa miaka thelathini na tatu, anayewaamrisha madaktari, akasema tu, "Sawa. Ukipungua."

Alisubiri wiki nzima. Kila asubuhi kabla ya kazi aliyazunguka matairi na kuyabonyeza kwa kiatu. Yalikuwa yamejaa, mapya, magumu kama mawe. Jumamosi asubuhi alitoka uani, akatazama dirisha la chumba cha wazazi, akachuchumaa nyuma ya gari upande wa kushoto. Akafungua kifuniko kidogo cha tairi. Akachomoa kalamu mfukoni, ileile anayoandikia uzito wa watoto wachanga, akaibonyeza ncha yake pale upepo unapoingilia. Tairi likapumua kwa muda mrefu. Alipoona limelegea vya kutosha, akarudisha kifuniko, akanyoosha sketi yake, akaingia ndani kunywa chai kwa heshima zake.

"La nyuma kushoto," alimwambia Upepo saa nne. "Sijui lina nini."

Upepo alilijaza, akalipaka maji ya sabuni, akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. "Halivuji mahali. Labda kifuniko hakikukaza."

"Labda."

"Tulione wiki ijayo."

Wiki ijayo likawa limelegea tena. Walikaa kwenye benchi kwa saa nzima wakilijadili tairi hilo, ingawa baada ya dakika tano walikuwa wameshahamia kwenye habari ya marehemu mama yake Upepo, na namna shangazi alivyomlea, na kama mtu anaweza kuanza maisha mapya akiwa na miaka arobaini. Sista alisema anaweza. Alisema haraka kuliko alivyopanga. Shangazi aliacha kuandika, akawatazama juu ya miwani, akaendelea kuandika.

Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa, kesho yake ndiyo safari ya kwa bibi. Sista alikuwa na mapumziko ya zamu, akafikiri kwamba atakwenda kumuaga Upepo. Akalitoa upepo la nyuma kushoto, na safari hii, kwa kuwa alikuwa anayapanga maneno ya kumuaga, akasahau mkono pale. Tairi likalala chini kabisa kama ndala. Hajarudisha kifuniko simu ikaita kutoka hospitali. Mama wa mapacha alikuwa ameletwa, mtoto mmoja amekaa vibaya, na gari la hospitali lilikuwa njiani kuja kumchukua Sista. Akaondoka mbio.

Saa nne na nusu Mzee, baba yake Sista, alitoka uani kuikagua safari yake, na akaliona tairi.

Mzee hakuwa mtu wa kukaa na hasira, alikuwa mtu wa kwenda nayo mahali. Aliazima pampu kwa jirani, akalijaza, akavaa koti na tai, akaitoa risiti ya matairi garini kuona jina la duka, akampakia mkewe kama shahidi, na saa tano na robo akasimama katikati ya duka la Upepo. Wateja watano walikuwepo. Mmoja wao alikuwa dereva wa basi la shule, aliyekuwa ameagiza matairi sita.

"Nani mwenye duka?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba haitatutosha leo. Umemuuzia binti yangu tairi bovu. Mara ya tatu hii linalala. Kesho nabeba ukoo wangu wote, na wewe umenifungia jeneza."

Upepo hakubishana. Alilifungua tairi, akalizamisha kwenye beseni la maji, akaligeuza taratibu mzunguko mzima. Wateja walisogea. Hakukuonekana povu hata moja. Akaligeuza tena.

"Mzee, hili tairi ni zima."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo?"

"Sikusema hivyo."

"Unajua binti yangu amechoka kiasi gani?" Hapo Mzee alianza kupamba, kama alivyozoea kupamba kwenye mikutano ya wazazi. "Kila Jumamosi yake inaishia hapa, kwa uzembe wako. Anarudi nyumbani analalamika. Amechoka na hili duka, amechoka na wewe, anakuja kwa kulazimika. Wewe ni tapeli, kijana, na watu wakujue."

Mkewe alimvuta koti kwa nyuma. Alikuwa amechelewa. Dereva wa basi la shule alikuwa ameshakunja karatasi yake ya oda na kuirudisha mfukoni, akasema ngoja kwanza akaongee na wenye shule. Wateja wengine walikumbuka shughuli zao.

Upepo alisimama na maji yakimtiririka mikononi. Neno la utapeli lilimwuma, lakini lililomkata ni lile jingine. Akateremsha tairi jipya ukutani, akalifunga, akayakagua na yale matatu, akamfungulia Mzee mlango wa gari kwa adabu.

Saa tisa alasiri mapacha walikuwa wamefika salama, wote wawili wakilia kwa zamu. Sista alivua glavu, akatoa simu, akasoma ujumbe: *Sista, tairi nimebadilisha na mengine nimeyakagua. Hutasumbuka tena kuja huku. Safari njema.*

Aliusoma mara nne. Akapiga. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikawa hivyohivyo.

Nyumbani alimkuta Mzee ameketi sebuleni, ameridhika kama mtu aliyekula vizuri.

"Yule wa matairi nimemnyoosha," alisema. "Nimemwambia umechoka naye."

Sista aliketi polepole. "Mimi nilisema lini, baba?"

"Hukusema. Mzazi huona usoni."

"Uliona nini usoni?"

"Uchovu. Kila ukitoka kule umeduwaa, chakula huli, unaangalia ukuta."

Mama yake, aliyekuwa anakunja nguo za safari, alisimamisha mikono. Akamtazama binti yake usoni, muda mrefu kidogo, kisha akamtazama mumewe kwa huruma kubwa.

"Baba, lile tairi halikuwa bovu," Sista alisema.

"Usimtetee. Wewe una moyo laini, ndiyo maana watu wanakuchezea. Wateja wote waliokuwepo walisikia. Hata yule dereva wa shule alikunja oda yake." Na Mzee akawasha redio kusikiliza habari.

Sista alikwenda chumbani kwake, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na sare yake mwilini. Aliona mambo yalivyopangana. Mtu aliyekataa kumuuzia matairi ya hatari, aliyeweza kumuuzia na asijue, leo ameitwa tapeli mbele za watu, na upepo aliutoa yeye kwa mkono wake. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Angeweza kuandika ujumbe. Lakini Upepo hakutukanwa kwa ujumbe.

Asubuhi saa mbili gari lilikuwa limejaa. Mzee mbele, tai shingoni, Mama nyuma yake na vikapu, mjomba, mdogo wake Sista wa kiume na mkewe na watoto wao wawili wakigombea dirisha. Sista alikuwa na gauni refu la kijani kibichi na kitambaa cha kichwa cha rangi hiyohiyo. Aliwasha gari. Kwenye makutano, badala ya kunyoosha kuelekea barabara kuu, alikata kulia.

"Umepotea," alisema Mzee.

"Sijapotea, baba."

Aliegesha mbele ya duka la matairi. Kulikuwa na wateja wawili watatu, na dereva wa basi la shule alikuwa kwenye kidirisha, anamweleza shangazi kwa maneno ya upole kwamba wenye shule wameamua kununua kwingine. Upepo alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu. Alipomwona Sista alisimama, uso umefungwa kama mlango wa duka siku ya mapumziko.

"Kuna tatizo la tairi?" aliuliza.

"Hakuna." Sista alimgeukia dereva, na shangazi, na wateja, na madirisha yote ya gari la familia yaliyoshushwa. Akapandisha sauti, ile ya chumba cha uzazi. "Nimekuja kusema kitu. Upepo niliutoa mimi."

Mzee akatoa kichwa dirishani. "Umemtoa wapi?"

"Si huyu, baba. Upepo wa tairi."

Kompresa ilikohoa, ikanyamaza.

"Umeutoa wewe," Mzee alisema polepole. "Kwa kutumia nini?"

"Kalamu."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na sababu?"

Sista alimtazama Upepo, si baba yake. "Nati zilikuwa zimeshakazwa zote. Sikuwa na sababu nyingine ya kuja."

Mjomba alianza kucheka akajiziba kwa kofia. Mtoto mmoja aliuliza shangazi yake amefanya nini, mama yake akamwambia anyamaze asikilize, maana yeye mwenyewe alitaka kusikia.

"Mimi nilijua," shangazi wa Upepo alisema kutoka kwenye kidirisha. "Zile wiki mbili za mwanzo, tairi gani lilikuwa linavuja Jumamosi tu? Tena saa nne kamili?"

"Shangazi, na jana ukanyamaza?" Upepo aliuliza.

"Ningemwambia mzee wa watu binti yake ana kalamu? Mimi nina ushahidi gani?"

Dereva wa basi la shule aliinua mkono kama mwanafunzi. "Samahani. Kwa hiyo matairi ni mazima?"

"Mazima kabisa," Sista alisema. "Alikataa kuniuzia mabovu siku ya kwanza."

"Basi mama, iandike tena ile oda. Wenye shule nitawasimulia mimi. Hii hawataikosa."

Upepo alikuwa bado hajasogea. Alifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Ungeniambia tu, Sista."

"Wewe uliniambia?"

"Jana nilikaa hapa mtu haingii. Lakini si hilo. Nilikaa nawaza zile Jumamosi zote, kumbe ulikuwa unanivumilia."

"Baba alilitunga hilo. Mimi nilikuwa nazihesabu siku. Najua nilichokufanyia ni kibaya, ndiyo maana nimekuja na ukoo mzima waone."

Upepo alivuta pumzi, akaenda hadi dirishani kwa Mzee. "Mzee, hata mimi nina kosa. Nati hukazwa mara moja, baada ya kilomita mia. Mimi hizi nilizikaza mara nne."

Mzee aliwatazama wawili hao kwa zamu. "Kwa hiyo wewe unakaza nati, huyu anatoa upepo, na gari ni langu."

"Ndiyo, mzee."

Hapo mlango wa mbele ulifunguliwa. Mzee alishuka, akanyoosha koti, akasafisha koo. Kwa miaka thelathini na minane shuleni hakuna aliyewahi kumsikia akiomba radhi, na familia yake ilijua hivyo, kwa hiyo ndani ya gari hakuna aliyepumua.

"Jana, saa tano na robo, mahali hapa," alisema kwa sauti ya paredi, "nilimwita kijana huyu tapeli. Nilikosea. Nilisema pia kwamba binti yangu amechoka naye. Hilo nilikuwa nalipamba. Naomba radhi, mbele yenu nyote." Kisha kwa sauti ndogo, kana kwamba si yeye, "Huyu binti nilimwona hali chakula, nikadhani ni uchovu."

"Yamekwisha, mzee," Upepo alisema, na akampa mikono miwili.

"Hayajaisha," Mama aliita kutoka nyuma. "Lakini bibi ana miaka tisini, na njia ni saa tisa. Haya mengine yamalizieni kwenye simu."

Upepo alimsindikiza Sista hadi mlango wa dereva. Uso wake ulikuwa umefunguka sasa, na kicheko kilikuwa kinaanza ile safari yake kutoka machoni.

"Jumamosi ijayo unakuja?"

"Kwa sababu gani? Nati umemaliza, upepo nimekamatwa."

"Njoo kwa miguu," alisema. "Usilete gari."

Walikaa kwa bibi siku tano. Upepo alipiga simu kila jioni, na hakuna jioni aliyouliza habari za tairi. Alimwita mpenzi mara ya kwanza siku ya pili, haraka haraka, kama mtu anayevuka barabara, na Sista akamwambia hakusikia, arudie. Akarudia.

Jumamosi saa nne Sista alishuka mtaa wa matairi akitembea. Kulikuwa na jua. Alivaa gauni jeupe lenye maua madogo mekundu na ndala za ngozi, na alipokuwa anakaribia alitamani angalau angeshika kitu mkononi, hata kifuniko cha tairi, cha kumsaidia kuanza mazungumzo. Hakuwa na kitu.

Upepo alikuwa amesimama mlangoni. Hakuvaa ovaroli. Alivaa shati la buluu lenye alama za mkunjo wa dukani, na viatu alivyovipaka rangi hadi vikawaka.

"Karibu," alisema. "Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kukuona wewe," Sista alisema. Maneno yalitoka mepesi kuliko alivyodhani.

Upepo alikuwa amejiandalia hotuba. Shangazi yake alimsikia akiifanyia mazoezi asubuhi yote kati ya mafungu ya matairi. Sasa ilimtoka kichwani yote. "Sista, mimi si mtu wa haraka," alisema. "Wanajua mtaa mzima. Lakini hili sitaki kulichelewesha. Nataka kuja kwenu, nimwone mzee na mama, niwaambie nataka kukuoa. Kama wewe unataka."

"Nataka."

"Hutaki kufikiri kwanza?"

"Nimefikiri miezi miwili, Upepo. Uliniona nikifikiri. Ulikuwa umeshika spana."

Shangazi alifunga kitabu cha risiti, akatoka kwenye kidirisha chake, jambo ambalo wateja wa zamani hawakuwahi kuliona, na kumbe alikuwa mfupi. Akamvua mpwa wake kalamu nyuma ya sikio. "Nendeni," alisema. "Hapa nipo."

Upepo hakuwahi kuondoka dukani kabla ya jua kuzama tangu alipolifungua. Alisita kizingitini, akaikumbuka kompresa, akamkumbuka mtu aliyeahidi kuja saa tano. Sista alimshika mkono. Wakashuka na barabara pamoja, taratibu, kwa mwendo wake Upepo, na kwenye kona muuza miavuli akawauliza wanakwenda wapi. Wakatazamana. Hakuna kati yao aliyekuwa amefikiria hilo.